Sauti Ndani ya Gari la Florentin

— Mama Princesse, usiguse kitu! Nashuka kidogo tu, natafuta mayi.

— Mayi ya nini tena? Si ulisema hii gari haisumbuake?

— Haisumbuake! Ni joto tu. Angalia, imeandika hapo.

Adolphine akatazama. Kwenye kioo kilichokaa katikati, kando ya usukani, maandishi mekundu ya Kifaransa yalikuwa yakiwaka na kuzimika: boîte, yaani sanduku la gia, imepata joto, simama uipoze. Mume wake Florentin alichukua fimbo, akalitoa nje kwa mikono miwili lile goti lake la kushoto lisilokunjika, akaanza kuchechemea kuelekea nyumba ya jirani na kidumu mkononi. Watu waliotoka misa walikuwa wamesimama kando ya barabara, wanacheka kwa adabu.

Gari lilikuwa limekaa mjini wiki moja tu. Liliteremshwa stesheni kutoka kwenye behewa, na sisi watu wa Kindu tunavyojijua, tulikwenda kulipokea kama tunaokwenda kumpokea askofu. Na sitaficha, lilikuwa zuri. Dogo, milango minne, buti nyuma, rangi ya fedha, moteri ya turbo inayovuta ghafla mpaka mgongo unaganda kwenye kiti. Kwenye barabara zetu za matope na pikipiki, lilikuwa bibi harusi aliyeingia shamba la mpunga na viatu vya kisigino.

Siku ile ya kwanza Florentin aliwaeleza majirani mpaka sauti ikamkauka.

— Boîte yake ni otomatiki, iko na ambreyaji mbili. Moja inashika vitesi yenye unatembeza nayo, ingine imeshajipanga na ile yenye inakuja. Inabadilisha bila weye kusikia.

— Ee, njo kama bwana yangu! — akasema Mamy, jirani wao asiyejua kufunga mdomo. — Hata miye sikusikia siku alibadilisha!

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Adolphine hakucheka nao. Alikuwa ameinama, anaangalia chini ya usukani. Pedali zilikuwa mbili tu. Ya kushoto, ile ya kukanyaga ambreyaji, yaani klachi, haikuwepo. Tangu vita Florentin hakuwahi kuendesha kitu chochote, na sasa angeendesha kwa mguu mmoja wa kulia kama mwanaume mwingine yeyote. Macho yakamjaa machozi ya furaha.

— Papa Princesse, huyu patron yako wa Lubumbashi alijua aje mambo ya muguu yako?

— Nilimwelezea ku telefone.

— Na anakutumia gari ya nguvu ivi, bure?

— Ni mutu muzuri. Tunajuana zamani.

Basi akaridhika. Mwanamke mwenye mume asiyemwongopea kwa mengine, kwa nini asiridhike?

Sasa alikuwa peke yake ndani ya gari, vioo juu, anajipepea kwa kitambaa. Florentin alikuwa ameacha simu kwenye kiti. Mara ikaanza kuita, na si simu tu iliyoita, gari zima liliita, kutoka milangoni mpaka nyuma. Kwenye kioo pakaandikwa PATRON LUBUMBASHI. Adolphine akaona aibu kumwacha mfadhili wao aite bure. Akagusa alama ya kijani, amwambie Florentin amekwenda kutafuta maji.

— Floré! Mudogo wangu! Gari inatembea? Nilikuambia, ku mulima usiishikilie na gaz. Kanyaga frein, sivyo utaunguza ambreyaji. Na maji haitake, usiimwangie maji kama kamyo ya zamani!

Adolphine alikuwa amefungua mdomo. Mtu yule hakumpa nafasi.

— Na bibi yako anakubali kupanda? Anaogopaka mbio, huyu. Unakumbuka siku nilimutelemusha na kinga kule Mikelenge? Alinishika shati mpaka ikapasuka mugongo yote!

Mtu yule akacheka. Kicheko kilianzia puani, kikashuka kifuani. Dunia nzima kulikuwa na mwanaume mmoja tu aliyecheka hivyo, na mmoja tu aliyepasuliwa shati juu ya baiskeli kule Mikelenge.

— Onema?

Kicheko kikakoma.

— Onema, njo weye?

Simu ikakatika. Haikupita hata dakika, ujumbe ukatokea kwenye kioo, herufi kubwa, kama ulioandikiwa yeye: "Floré ni nani alishika telefone? Nijibu mbio. Usimwache yeye peke yake mu gari."

Onema alikuwa kaka mkubwa wa Florentin, watoto wa kijiji cha Tunda wote wawili. Ndiye aliyemchumbia Adolphine, na mahari ilishavushwa mto kwa wazazi wake Alunguli, ikapokelewa. Mwaka ule wa tisini na nane alipanda treni kwenda Lubumbashi kutafuta sanduku la arusi, blanketi na gauni. Vita vikalipuka nyuma yake. Kindu ikawa upande mmoja, Lubumbashi upande mwingine, reli ikakatwa katikati. Hapakuwa na barua wala simu. Halafu akatokea mtu aliyetembea porini miezi, akasema treni ile iliungua, na Onema aliungua nayo.

Wakafanya matanga bila maiti. Adolphine akanyoa nywele, akalala kwenye mkeka. Matanga yalipoondolewa, wakubwa wa Tunda wakaja na desturi yao: mahari yetu imeliwa, mwanamke ni wetu, mdogo atamchukua. Waliwauliza wazazi wake. Walimuuliza Florentin. Adolphine alikuwa jikoni, anawapikia hao waliokuwa wanaulizana.

Florentin alikuwa mpole. Alishika fonia ya misheni, ile redio ya kuongea na misheni za mbali, akisikiliza mikwaruzo mchana kutwa na vifaa masikioni. Mji ulipozingirwa na njaa ikaingia, Adolphine alikuwa na mimba ya Princesse, tumbo kubwa na miguu imevimba. Florentin alitoka nje ya mji kumtafutia muhogo. Risasi ikampata gotini. Alirudi akitambaa, anauburuta mfuko wa muhogo nyuma yake, hakuuacha njiani. Tangu hapo Adolphine alimheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini kupenda, kupenda hasa, alikuwa amekuacha kwa marehemu. Kila mwezi wa Novemba aliomba misa ya Onema, na Florentin alisimama pembeni yake na mshumaa.

Mlango ukafunguliwa. Florentin, kidumu kimejaa.

— Mbona jasho ivi? Shusha vitre. Ngoja nimwange mayi nakuja.

— Ingia.

— Dakika moja tu...

— Papa Princesse, ingia. Funga mulango.

Akaingia, kidumu mapajani.

— Patron yako amepiga.

— Ah. Alisema nini?

— Alisema usiunguze ambreyaji. Na alisema siku nilipasua shati yake.

Kidumu kikalala upande. Maji yakamwagikia kiti kipya, yakashuka mpaka chini. Hakuna aliyefuta.

— Toka lini? — akauliza Adolphine.

— Adolphine...

— Nimekuuliza toka lini.

— Toka fonia. Princesse alikuwa hajaanza kutembea. Vita ilikuwa inaisha, Lubumbashi ikaanza kusikika. Napokea ujumbe wa mapadri, nasikia mutu anaita jina yangu. Nilimujua mbele hajamaliza kuiita.

— Kisha ukakuja nyumbani.

— Nilikuja.

— Ukanikuta nafanya nini?

— Unanyonyesha. Uliniuliza kama nimekula.

— Nikakuambia chakula iko ku meza.

— Ndiyo.

— Na ukakula.

Florentin akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa usukani.

— Nilikula. Kisha nilienda Tunda kwa wakubwa. Walishika vichwa. Walisema, umelala na mwanamuke wa ndugu yako muzima, umezaa naye, huo ni mwiko mukubwa. Akirudi hamutakula tena sahani moja, na mutoto atakuwa mutoto wa haya. Walisema, tulishamulilia, abaki amekufa. Na mwanamuke asijue.

— Na weye ulisema nini?

— Sikusema kitu.

— Na misa? Kila novembre! Naomba misa, nawasha mushumaa, unasimama pembeni yangu, unaitikia kila sala! Mutu yenye uliongea naye ku telefone! Ulikuwa unaombea nani, Florentin?

Florentin akainua uso kutoka kwenye usukani.

— Nilikuwa najiombea miye.

Nje watoto walikuwa wamebandika pua kwenye kioo cha mlango. Adolphine hakuwaona. Kifua kilikuwa kinamwaka, na katikati ya ule moto, ni lazima niseme ukweli, kulikuwa na kitu kingine kidogo cha aibu. Onema yupo hai. Anapumua, anacheka kwa pua, anakumbuka shati. Moyo wake mjinga ulikuwa umeshaanza kuruka kabla yeye mwenyewe hajauruhusu.

— Mupigie.

— Adolphine, twende nyumbani kwanza.

— Apa apa. Mupigie.

Florentin akapiga. Gari likaita mara moja tu.

— Floré? Ni nani alishika...

— Ni miye.

— ...Mama Princesse.

— Usiniite ivyo! Jina ya mutoto wa mudogo wako unaijua, miye jina yangu imekupotea?

— Adolphine. Unisamehe, Adolphine.

— Walikukataza kurudi?

— Walinikataza.

— Na weye ulikubali kufa.

— Floré alikuwa ameumia muguu. Mutoto ameshazaliwa. Ningekuja kuvunja nini?

— Ungekuja kuniambia uko muzima! Ungesimama hata ngambo ya Lualaba, nikuone tu, kisha urudi! Onema, kama ungeniita mbele hawajanipa kwa mudogo wako, ningetembea na miguu mpaka Lubumbashi. Unajua?

— Najua. Hata miye nilikuwa...

Nyuma ya sauti yake mlango ulifunguliwa. Sauti ya mwanamke, ya raha, ya mtu aliye nyumbani kwake, ikaingia kwenye gari na kulijaza:

— Papa Divine, chakula inapoa! Unaongea na nani?

Florentin alinyoosha mkono akate simu. Adolphine akaushika mkono ule akaurudisha mahali pake.

— Njo nani?

— Ni Nicole, — akasema Onema, polepole. — Bibi yangu.

— Toka lini?

— Adolphine, vita ilikuwa ndefu. Huku tulikuwa wakimbizi, hatukujua kama Kindu ingali iko...

— Toka lini, Onema?

— Toka mwaka wa kwanza. Mbele fonia haijasikika. Nilifikiri sitarudi tena.

Adolphine akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari ya bei sokoni.

— Wakati miye niko na kichwa kipara, nalala ku mukeka, weye ulikuwa unaoa.

— Njo maana nilituma gari. Nilichagua ile yenye Floré ataweza. Nilitaka niwafanyie kitu, nyinyi wawili, roho yangu ipumzike.

— Na imepumzika?

Adolphine hakungoja jibu. Alitaka kuizima sauti ile, lakini hakujua aguse wapi, na hakutaka kumwomba Florentin amwonyeshe. Akafungua mlango, akatoka. Nyuma yake ile sauti ilibaki inaita "Adolphine? Adolphine?" kutoka pande zote za gari, na watoto walikuwa wanaangalia kiti kitupu alichokuwa amekalia.

Nyumbani alifunga vikwembe vyake vichache vya kuvaa kwenye mfuko. Mamy alitokea mlangoni.

— Mama Princesse, kuna nini? Gari imekufa?

— Gari haijakufa. Hakuna mutu amekufa, Mamy. Wote wako wazima.

— Sasa unalia nini?

— Sijaanza kulia. Niitie mutu wa pikipiki.

Akapanda pikipiki kwenda bandarini, avuke mpaka kwa dada yake Hélène. Njiani simu yake ikatetemeka mkobani, ujumbe wa Florentin. "Adolphine nakuomba. Nakuja. Usipande pirogue." Halafu nyingine: "Nilikuficha juu niliogopa kukupoteza." Akasoma zote mbili, akarudisha simu mkobani.

Pirogi, mtumbwi mrefu wa moteri, ilikuwa inapakia, wanawake na vikapu, baiskeli mbili, mbuzi. Adolphine alikuwa ameshakaa alipolisikia gari likipanda kilima kilicho juu ya bandari. Turbo ilikuwa inapiga mluzi. Mbele ya gari mkokoteni wa magunia ulikuwa umekwama kwenye matope, na Florentin, kwa haraka na hofu, alikuwa amelishikilia katika ule mwinuko kwa kukanyaga gaz badala ya breki, lisirudi nyuma wala kwenda mbele, jambo lilelile aliloambiwa asilifanye. Likatetemeka. Likatoa harufu ya kuungua iliyofika mpaka majini. Kisha likanyamaza.

Vijana wakakimbilia kulisukuma. Florentin hakuwangoja. Alitoka, akashika fimbo, akaanza kuteremka ngazi zilizochimbwa katika udongo. Ya kwanza, ya pili. Kwenye utelezi fimbo ikaondoka, na mwanaume mzima akaanguka kwa ubavu, mguu mkavu umenyooka mbele yake, mbele ya soko zima la samaki.

Kuna mtu alicheka. Adolphine alishuka kwenye pirogi.

— Mama, tunaenda! — akapiga kelele mwenye pirogi.

— Muningojee.

Alipanda mpaka alipoanguka Florentin, akampitishia mkono chini ya kwapa, akamwinua. Alimfuta matope shavuni kwa pindo la kikwembe chake. Florentin alikuwa analia bila sauti.

— Nilifikiri ukijua utaenda kwake.

— Njo ulifikiri ivyo?

— Ulikuwa unamupenda. Kila siku niliona. Hata ukinicheka miye, nilikuwa naona unamucheka yeye.

— Nilikuwa napenda mufu, Florentin. Mufu hazeeke, hakasirike, hana bibi wa kumuita kula. Ungeshindana naye aje? — Sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuwa ya hasira. — Ile siku ya fonia ungekuja kuniambia: Adolphine, yuko muzima, na kule ameoa. Ningelia. Ningevunja sahani. Kisha ningenyamaza, ningekugeukia weye. Mutu yenye alinitambalia na muhogo na goti imepasuka, ningemuacha nimufuate nani? Ningekuchagua weye. Kwa mudomo yangu.

Florentin alimtazama kana kwamba hakusikia.

— Ungenichagua?

— Wakubwa walinipa kwako, sikusema kitu. Weye njo ungeweza kuniuliza. Ulikuwa umeshinda, Papa Princesse. Ulikuwa umeshinda zamani, na ukaficha.

— Basi nichague sasa. Nakuomba. Nakuuliza sasa.

Adolphine akaokota fimbo, akaifuta mpini, akamtia mkononi na kuvifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja, kama alivyozoea kumfanyia asubuhi baridi ikilikaza lile goti.

— Sasa nikikuangalia naona ule mutu anaitikia sala. Siwezi kulala pembeni yake.

— Utarudi lini?

— Sijue.

— Nimwambie Princesse nini?

— Ukweli. Uanze naye.

Akateremka. Wanawake wakasogeza vikapu vyao, akakaa. Moteri ikawaka, pirogi ikageuza kichwa kuelekea Alunguli. Mama mmoja mwenye kuku miguuni alimwangalia usoni, akashindwa kujizuia.

— Mama, ule bwana ku ngazi ni nani kwako?

— Ni bwana yangu.

Alipolisema neno hilo, akajifunika uso kwa kikwembe, akalia mpaka mabega yakatikisika, na yule mama akamshika mgongo bila kuuliza tena. Kwa mara ya kwanza tangu vita, Adolphine hakuwa akimlilia Onema.